Imamu Aliyeshika Pua

Mselem wa Famau aliujua mji wa Amu kwa vyoo vyake. Wenzake wakikuelekeza njia watakutajia nyumba ya fulani, kisima cha fulani, ukuta ulioanguka mwaka wa mvua nyingi. Mselem alikuwa na hesabu yake nyingine kichwani. Kutoka barazani alikofanyia kazi hadi msikiti wa karibu, hatua sitini. Kutoka hapo hadi nyumba ya shemejiye, hatua mia na kumi. Kisha kipande kirefu cha vichochoro kisichokuwa na msikiti wala jamaa, na hicho alikipita mbiombio, kanzu ameikunja mkononi, akiitikia salamu za watu bila kusimama. Watu wakasema Mselem ana majivuno. Masikini ya Mungu, alikuwa na haraka tu.

Kipungani hakufika mwaka wa pili sasa, na huko ndiko alikoolewa dadake Mwanamkisi, akazaa asije kaka kumpa mkono wa pongezi. Njia yenyewe ni mchanga mtupu na jua, na mtu hana pa kujisitiri. Zamani alikuwa akivuka bara mwenyewe kwenda kuchagua ngozi kwa wafugaji. Hilo nalo aliliacha, maana ndani ya mashua mtu atajificha wapi? Akawa ni wa kuletewa zile ngozi ambazo mafundi wenzake wamekwisha kuzigeuza na kuzitupa.

Ngozi, kwa sababu alikuwa mshona makubadhi, vile viatu vyenye nakshi ambavyo mabibi wa Amu huvivaa siku za harusi. Kazi hiyo aliirithi kwa babake, mzee Famau, aliyehama Siyu akiwa kijana na sindano zake ndani ya kifuko. Ni kazi ya kukaa. Fundi hukunja miguu chini, akainamia ngozi yake, tumbo likabanwa na mapaja tangu asubuhi hadi adhuhuri, na tumbo la Mselem lilikuwa halitaki kubanwa. Lilimsokota upande wa kushoto, chini ya kitovu, kama nguo inayokamuliwa. Likimwachia kidogo, hurudi. Kuna siku lilimkimbiza mara tano kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Kisha hufunga, siku nne nzima, akavimba hata shuka ikawa haimkai kiunoni. Akienda chooni hurudi akihisi hajamaliza, na akikaa kazini huhisi anataka kwenda. Mkono ulikuwa na sindano na akili iko mlangoni.

Lililomuudhi zaidi ni kwamba hakukonda. Mgonjwa wa homa hutetemeka, watu wakamwona, wakamfunika shuka. Mselem hakuwa na homa, hakutapika, mashavu yake yalikuwa palepale alipoyaacha, na mwenye mashavu nani atamhurumia? Akisema tumbo, watu humtazama uso, kisha tumbo, kisha wakamwambia "Pole," ile pole ya kumalizia maneno.

Usidhani alikaa bure. Mkewe, Radhiya, alimpeleka kwa Bi Hindu, mjuzi wa mizizi na majani, naye akambonyeza hapa na pale, akasema hilo ni chango, akampa shubiri iliyomkunja uso tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Akaumikwa mgongoni. Akaandikiwa kombe, aya za Mwenyezi Mungu kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akasuuza akanywa, na hapo akapata raha siku tisa. Siku tisa! Alikula mbaazi za nazi kama bwana harusi. Siku ya kumi tumbo likarudi na madai yake ya siku zote.

Akabaki mganga wa Serikali, yule wa kule karibu na bandarini. Mselem alikwenda kwa shingo upande. Mganga akamlaza juu ya meza, akamgongagonga tumbo kwa vidole vyake kama mtu anayechagua tikiti, akamtazama ulimi, akaandika kitu karatasini. Kisha akasema, "Huna kitu." Akampa chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, na habari za haluli ile nitakuwekea sitara.

Maneno yale mawili alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyetukanwa sokoni.

"Asema sina kitu," akamwambia mkewe.

"Huna kitu?" Radhiya akauliza, kata ya maji mkononi. "Basi na huo mngurumo nisikiao kula siku ni wa nani, wa jirani?"

Mselem akacheka bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa Radhiya. Akimwona mumewe amekunja uso humtafutia neno. Lakini alipogeuka kwenda jikoni alijifuta macho kwa upande wa leso, na Mselem aliona.

Mpaka hapa ni maradhi, na maradhi ni sehemu ya binadamu. Balaa ya Mselem ilikuwa nyingine. Mtaani kwao palikuwa na kimsikiti kidogo cha safu tatu, na kwa miaka ishirini na miwili imamu wake alikuwa mzee Famau. Hakuwa shekhe wa vitabu vingi, alikuwa mshona viatu mwenye sauti nzuri na moyo mweupe. Alipofariki, mwaka wa 1910 kwa hesabu ya Wazungu, wazee walirudi makaburini, wakaingia msikitini kwa alasiri. Walimtazama tu Mselem. Naye akasogea mbele, akasimama mahali pa babake. Tumbo lilimwanza mwezi wa tatu baada ya hapo. Mimi sisemi kitu. Natoa tarehe tu.

Sasa sikiliza. Mtu akitokwa na upepo, udhu wake umetenguka, na asiye na udhu hana swala. Maamuma, yule anayesali nyuma ya imamu, likimpata hilo, huondoka kimyakimya nyuma ya safu. Imamu atakwenda wapi, naye ameelekea ukuta na watu wote wako mgongoni kwake? Ndipo mafundisho ya wazee yanapomsitiri: na ashike pua, kana kwamba ametokwa na damu, amvute mtu wa nyuma yake amweke mahali pake, atoke zake. Watu watasema masikini, pua. Heshima yake imebaki. Mselem alifundishwa hayo chuoni angali mdogo, na walipofundishwa walicheka wote wakachapwa.

Siku ya kwanza ilikuwa alasiri, rakaa ya pili. Alirukuu, na tumbo, lililokuwa likimsumbua tangu takbiri, likamfanyia khiana. Hapakusikika kitu. Hapana aliyejua ila yeye na Muumba wake. Akashika pua, akanyoosha mkono nyuma, akamvuta kwa kanzu yule aliyekuwa amesimama nyuma yake hasa, akapita kando ya safu, akatoka.

Aliyevutwa alikuwa Bwana Jaafar, mwashi, mtu wa mikono mikubwa yenye chokaa kuchani na maneno makavu. Siku zote Jaafar alisimama pale, nyuma ya imamu kabisa, na Mselem aliamini kwamba hapendi kusimama hapo ila kwa sababu hapo ni hatua moja tu hadi mbele. Kila alipomvuta alihisi anamkabidhi kitu cha babake.

Magharibi ile Barka, muadhini, alimfuata nyumbani na chupa ya siki. "Ya pua," akasema, akamsukumia mkononi. "Utie kwenye kitambaa, unuse." Kesho yake kikaja kitunguu cha kunusa. Kisha mara ya pili ikampata, na ya tatu, na ya sita, na pua ya Mselem ikawa ni habari ya mtaa. Kinyozi akamkataza asikae juani. Mzee mmoja akamfundisha kulala chali na kujimwagia maji baridi utosini. Jirani aliyekuwa na jamaa zake Kizingitini alileta papa mkavu, akamsimamia apikiwe supu mbele yake, kwa kuwa mtu anayepoteza damu, akasema, lazima airudishe. Mselem akainywa bakuli zima, jirani ametoa macho. Supu ile ilimweka chooni mpaka Jumatano.

"Waambie," Radhiya akasema. Alikuwa akicheka na kuudhika pamoja. "Mgonjwa wa tumbo anusishwe siki! Waambie, Bwana."

"Niwaambie nini? Imamu wao ni ushuzi mtupu?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Wacha kiniumbue. Kikija kifo sitakuwa na uso wa kuona haya."

Badala ya kusema akaanza kufanya vita na chakula. Aliacha mbaazi, akaacha maharage, akaacha maziwa, akaacha nazi, na mtu wa Amu akiacha nazi amebakiwa na nini? Akaacha samaki wa mafuta. Akawa hali kitu asubuhi ili tumbo liwe tupu adhuhuri, na tumbo tupu likanguruma kuliko lililojaa. Usingizi ukawa mfupi. Alikuwa akikaa, akisimama, akienda mlangoni, akirudi. Radhiya akimwuliza jambo humjibu jambo jingine. Kabla ya kila adhana huingia chooni mara mbili, mara tatu, na Barka akachelewesha kukimu swala akimngoja, na watu wakakohoa, na kikohozi kile kikamrudisha tena.

Ramadhani ya mwaka wa pili ikaingia. Siku ya kumi na tatu akaja mgeni kutoka Siyu, ami yake, Bwana Husein, ndugu wa pekee wa babake aliyebaki hai. Alikuja na wanaume sita wa ukoo, na sababu yao ilikuwa moja: kumwona mtoto wa Famau amesimama mahali pa Famau. Ami alimshika Mselem mabega, akamtazama, akasema, "Babako amekufa, na wewe ndiwe yeye," akalia mbele za watu. Wakaingia alasiri. Kimsikiti kikajaa hadi mlangoni.

Wiki ile Mselem alikuwa ameshatoka mara mbili. Alifika rakaa ya nne salama. Alikaa kwa tahiyatu ya mwisho, akaona pwani ni pale, na hapo ndipo, kidole kimenyooka, maneno yako mdomoni, upepo ukamtoka.

Mkono ulianza kupanda kwenda puani. Akamfikiria ami. Akamfikiria Jaafar akipita mbele kwa mabega yake mapana na kuwatolea salamu watu wa Siyu. Mkono ukarudi gotini. Akamalizia tahiyatu, akageuka kulia akatoa salamu kwa sauti nzima, akageuka kushoto. Akawaelekea watu akaomba dua, nao wakaitika amina, na amina ya ami yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Alisali tena peke yake nyumbani, mlango ameufunga, na haikumsaidia. Mara zote zile za kushika pua aliona haya mbele ya watu. Safari hii alijua amesimama mbele ya Mola wake mikono mitupu, na amejua, na amekaa, kwa sababu ya macho ya wanaume saba wa Siyu. Futari haikushuka. Ami aliondoka baada ya siku tatu akiwa ameridhika, na kuridhika kwake kulimuuma Mselem kuliko tumbo.

Idi ilipopita akaenda kwa Bwana Jamaludin, mwalimu mzee wa mtaa wa juu, akamkuta amekaa ndani ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, na kitabu pajani.

"Bwana, kuna mtu moya," Mselem akaanza. Akaeleza yote, kila kitu amekibandika kwa mtu yule.

"Mtu moya," mwalimu akasema. "Ni wa mui huu?"

"Wa... wa Pate."

"Naam. Wa Pate." Mwalimu akafunga kitabu polepole. "Waliosali nyuma yake hawakuyua, basi swala yao ni sawa, hawana neno. Yeye swala hana. Na kusimama akiyua hana udhu, kwa kuogopa watu, hilo ni kosa kubwa, na atubie."

"Na tumbo lake?"

"Tumbo ni maradhi, halina kosa. Likimtoa, atoke. Hata mara mia, atoke." Kisha akamtazama Mselem kwa muda. "Mwambie huyo mtu wa Pate, wamuombao dua wako. Na asiye na haraka anywe kahawa."

Mselem hakunywa. Alikuwa na haraka, na safari hii hata tumbo halikuwa na lawama. Siku mbili alizunguka mji, akashona kiatu cha kushoto mara mbili, akakifumua. Alijua la kufanya. Alichokuwa akikiogopa ni kile kitakachofuata: kwamba atafungua kinywa, na mahali pa babake patakuwa pa mwashi.

Siku ya tatu, alasiri, Barka alipotaka kukimu, Mselem alisimama mbele akawageukia. Walikuwa watu kumi na mmoja.

"Pua yangu haina yambo," akasema. "Ni tumbo. Tangu mwanzo ni tumbo."

Barka akautazama mkeka. Mtu akakohoa. Bwana Jaafar akajikuna kidevu kwa kidole cha chokaa.

"Twayua," akasema.

"Mwayua?"

"Ewe Mselem, chuo tumesoma sote. Wadhani ni wewe peke yako uliyefundishwa kushika pua? Na kanzu yako hii nyeupe, mtu atokwe na damu mara kumi, isipate hata tone moya? Mkeo hafui kwa miujiza."

Watu wakacheka, kicheko cha waliokuwa wamekizuia mwaka mzima. Barka alicheka hata akashika ukuta.

"Na siki?" Mselem akauliza. "Na papa?"

"Ulisema pua," Jaafar akasema, "tukakuletea dawa ya pua. Ulitaka tukuletee nini, tukuumbue?"

Mselem naye alicheka, machozi yakimtoka. Kifua kilimfunguka kama ngozi iliyolowekwa. Alikuwa amebeba mzigo wa aibu peke yake, na kumbe watu kumi na mmoja walikuwa wameushika upande wa pili wasimwambie. Angaliweza kuishia hapo. Mtu mwingine angaliishia hapo, na mimi nisingemlaumu.

"Na Ramadhani?" akasema. "Siku aliyokuya ami Husein. Hilo nalo mwaliyua?"

"Siku hiyo kuna nini?" Jaafar akauliza. Alikuwa angali akitabasamu.

Mselem akawaambia. Aliwaambia kikao cha mwisho, mkono ulioanza kupanda na mkono uliorudi, na salamu, na dua. Kicheko kilikwisha kabla hajafika kwenye dua.

"Siku hiyo hukutoka," Jaafar akasema.

"Sikutoka."

"Basi siku hiyo hatukuyua." Jaafar hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Mimi kula mara ulipotoka moyo wangu ulitua. Nilisema, huyu bwana akikaa, ana udhu. Ndiyo maana nasimama nyuma yako. Nikisali nyuma yako sikuwa na shaka hata siku moya."

Hapo Mselem aliona haya ambayo hakupata kuiona katika maisha yake. Miaka yote alidhani kule kutoka kulimshusha machoni pao, kumbe ndiko kulikomweka mbele. Na yeye alikuwa amekivunja kitu hicho hicho, kwa mkono wake, ili kukilinda.

"Mbele sisimami tena," akasema.

Alingoja mtu amwambie la, simama. Hapana aliyesema. Jaafar aliwatazama wazee wawili wa safu ya mbele. Wazee wakainamisha vichwa kidogo. "Vema," Jaafar akasema. Kazi ya miaka ishirini na minne ya nyumba ya Famau ikaisha kwa neno hilo. Barka akakimu. Jaafar akapita mbele, na Mselem akaenda kusimama mwisho wa safu, upande wa mlango.

Utasema sasa, madhali ameutua mzigo, tumbo litatulia. Yeye mwenyewe alitumaini hivyo. Halikutulia, nisikudanganye; lilikwenda naye mpaka uzeeni, na mpaka kaburini hapana aliyemwambia lilikuwa nini. Rakaa ya tatu lilimsokota, likamtenda lile lile, naye akatoka. Alikwenda chooni, akakaa alivyokaa, akaja birikani, kwenye hodhi ya maji ya udhu, akachota maji, akaanza kutawadha, mikono, kinywa, uso. Alipokuwa akiosha miguu alisikia Jaafar akitoa salamu ndani. Maji yale yalikuwa ya uvuguvugu kwa jua la mchana. Akakaa kidogo kwenye ukingo wa birika, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, akalia kwa sababu alimkumbuka babake.

Alirudi akitarajia msikiti mtupu, maana baada ya alasiri kila mtu ana lake. Walikuwa wamekaa. Akapita nyuma kabisa, pembeni, asali peke yake.

Jaafar akageuka pale alipokaa. "Mtu huyu hayasali," akawaambia watu. "Nani atampa sadaka asali naye?"

Ni ada ya tangu na tangu: aliyekosa jamaa, mmoja kati ya waliokwisha kusali huinuka akasali naye mara ya pili, ili naye apate thawabu za jamaa. Watu wakatazamana. Kabla hajainuka mwingine, Jaafar mwenyewe alijisukuma kwa mikono, magoti yakalia, akaja mpaka pembeni kule. Mselem akasogea kumpisha mbele.

Jaafar hakwenda mbele. Alisimama kuliani kwa Mselem, akarudi nyuma nusu ya unyayo, akafunga mikono akangoja. Hapo ndipo anaposimama maamuma anapokuwa mmoja.

"Bwana Jaafar," Mselem akanong'ona, "imamu ni wewe."

"Mimi nimesali. Mwenye faradhi ni wewe."

"Na ikiya?"

"Ikiya, toka," Jaafar akasema. "Nitamaliza."

Mselem akaelekea kibla. Tumbo likanguruma, mngurumo mrefu wa kusikika msikiti mzima, na Jaafar akakohoa kwa nguvu juu yake. Mselem akainua mikono, akafunga swala.